Tangi Moja Mimi, Tangi Moja Ombasa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda nimevaa viatu vya kanisani. Mama aliniambia kiwanda cha chai ni mahali pa watu wa maana, basi nikavipaka rangi mpaka vikang'aa, nikashuka vilima vya Nyamira asubuhi na mapema huku nikiruka kila dimbwi. Langoni nilielekezwa nyuma ya kiwanda, kwenye uwanja wa kuni. Huko nilikuta matope ya kufika vifundoni, magogo yamelala ovyo, na mzee mmoja ambaye kila mtu alimwita Msimamizi wa Uwanja. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, kisha akauliza, "Wewe umekuja kubatizwa ama kukata kuni?"

Watu walicheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa kijana wa rika langu, mrefu, mwenye viganja vipana, jina lake Ombasa. Msimamizi akamnyooshea kidole. "Na wewe unayecheka, huyu ndiye jozi yako." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na hivyo ndivyo nilivyompata rafiki ambaye nimeishi naye kuliko nilivyoishi na ndugu zangu wa tumbo moja.

Ninyi vijana mnaosoma haya mmezaliwa mkaikuta pawa, ule msumeno wa injini unaonguruma kila kilima kuanzia Keumbu hadi Marani. Sisi tuliukuta msumeno wa watu wawili. Ulikuwa mrefu kuliko mtu, una mpini kila upande, na kazi yake ilikuwa ya kuvuta tu. Ukivuta wewe, mwenzako analegeza; akivuta yeye, unalegeza wewe. Ukijifanya una nguvu ukasukuma, chuma kinajikunja ndani ya gogo na mnaanza kulaumiana. Nilisukuma siku nzima. Ombasa hakunikemea hata mara moja, alikuwa akisema tu, "Acha, nitauvuta mimi." Jioni nilipofika nyumbani sikuweza kuinua sahani.

Jozi ilikuwa ni mkataba ambao haukuandikwa popote. Mliajiriwa pamoja, na mmoja akiugua mwingine alipelekwa kuzoa majivu hadi mwenzake arudi. Mmoja akiacha kazi, wa pili naye alirudishwa nyumbani, kwa kuwa msumeno wa mipini miwili haukuwa na haja na mtu mmoja. Kwa hiyo uliangalia afya ya mwenzako kama unavyoangalia ng'ombe wa maziwa. Nilijua Ombasa amekula nini, amelala vipi, na kama amegombana na mkewe.

Kuni zenyewe zilikuwa za boila. Boila ni birika kubwa la chuma linalochemsha maji yakawa mvuke, na mvuke huo ndio unaopasha hewa ya kukausha chai. Likikosa kuni, majani mabichi yaliyotandazwa kwenye vitanda vya kunyaushia huchacha, na mkulima aliyeyachuma kwenye mvua amepata hasara. Msimamizi alikuwa akitukumbusha hilo kila tulipokaa chini. "Nyuma ya kila gogo kuna mama na kikapu," alisema. Mama yangu alikuwa na kikapu, kwa hiyo niliinuka.

Pawa ya kwanza ililetwa na Fundi Mkuu, mtu aliyependa sana neno "kitaalamu". Aliitoa kwenye sanduku mbele yetu sote akatufundisha kitaalamu. Petroli huchanganywa na oili kwenye tangi moja, kwa sababu injini yake haina mahali pengine pa kuwekea oili ya kuilainisha. Oili ya cheni hukaa kwenye tangi lake dogo. Kile chuma kirefu bapa ambacho cheni hukizunguka tuliambiwa tukiite upanga, na tuliambiwa tusikate kwa ncha yake, kwani mashine huruka na kumrudia mtu usoni. Akavuta kamba, ikanguruma, na gogo ambalo jozi ingelihangaikia hadi saa ya chai likawa vipande viwili kabla hatujamaliza kushangaa. Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu alikuwa ameona kwamba mashine ile ina mpini wa mtu mmoja.

Msimamizi wa Uwanja ndiye aliyetuokoa. Alisimama pale na fimbo yake akasema, "Mashine ina tangi. Tangi likiisha, inabadilisha mkono." Ikawa sheria ya uwanja wetu. Tangi moja mimi, tangi moja Ombasa. Asiyekata aligeuza gogo kwa mtaimbo na kugonga kabari kwenye mkato ili mti usijifunge ukabana cheni. Aliyemaliza tangi lake aliketi akainoa cheni kwa tupa ya mviringo, jino kwa jino, kabla ya kuikabidhi. Kumpa mwenzako cheni butu ilikuwa ni tusi. Ombasa alikuwa ananoa huku anaimba nyimbo za Kisabato, na mimi Mkatoliki nikazijua zote.

Baadaye tulihamishwa Keumbu, kwenye kikosi cha kununua miti iliyosimama. Mashamba ya kwetu ni membamba, na mkaratusi ulipandwa mpakani, kati ya jiko la huyu na migomba ya yule. Afisa wa Ununuzi wa Kuni, mtu mnene mwenye mwavuli, alikuwa akitukabidhi mti na kujitenga mbali sana. "Makori," aliniita kutoka huko, "hiyo migomba ikiguswa, mimi sikujui." Tulikwenda Marani pia, na huko bibi mmoja alisimama akaombea mti uanguke vizuri, ukaanguka vizuri, akatupa ndizi za kuchemsha na maziwa lala. Ile miaka ilikuwa mizuri. Tulikuwa na nguvu, tulikuwa na sauti, na wasichana wa sokoni walitujua kwa harufu ya petroli. Nikiifikiria sasa natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Ilikuwa kule Marani nilipoona vidole vya Ombasa kwa mara ya kwanza. Asubuhi moja ya baridi, baada ya tangi lake, alivua glavu na vidole vitatu vilikuwa vyeupe kama vya mtu aliyeshika unga. Akavisugua kwenye suruali. Nilimuuliza, akasema ni baridi. Wiki zilipopita vikawa vyeupe hata kukiwa na jua, halafu vikawa vya buluu, halafu akaanza kuangusha vitu: misumari, vijiti vya kiberiti, kijiko. Daktari wa zahanati alimweleza wazi kwamba ni mtikisiko wa mashine. Zile pawa za zamani zilitetemeka mpaka kwenye meno, na yeye alizishika kwa nguvu kuliko sisi wote. "Usiseme kwa kiwanda," aliniomba. Sikusema. Nilianza kukata sehemu ya tangi lake, naye akajifanya haoni.

Turudi uwanjani, maana huko ndiko tulikorudishwa. Msimamizi alikuwa amestaafu na mimi nimevikwa cheo chake, ingawa bado nilikata zamu zangu na Ombasa. Nyuma kabisa ya uwanja kulikuwa na magogo tuliyoyaita Wazee. Yalikuwa mashina ya mikaratusi iliyopandwa kabla ya baba zetu kuoa, manene kiasi kwamba mtu akisimama upande huu hamwoni aliye upande wa pili, yamekauka miaka mingi. Watu hudhani kuni ni kuni tu. Mkaratusi mchanga hukatika kama muwa, lakini uliozeeka na kukauka unakula meno ya cheni, na unga unaotoka ni laini na mweusi kwa kuungua. Kila jozi ilikuwa imejaribu Wazee na kuwaacha.

Msimu huo mvua ilinyesha hadi malori ya kuni yakashindwa kupanda. Uwanja ukaisha kuni nyembamba, na majani ya chai nayo yalikuwa yanaingia kwa wingi. Tukabaki na Wazee. Fundi Mkuu, kitaalamu kabisa, akaamua kufunga upanga mrefu kwenye pawa yetu ndogo. Hili ni kosa ambalo bado naliona Nyakoe na kila soko, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtu ana gogo nene, basi ananunua upanga mrefu na kuufunga kwenye injini aliyo nayo. Injini ndogo haina pumzi ya kuvuta cheni ndefu kama ile. Pampu yake haifikishi oili mpaka kwenye ncha. Inakoroma, inapata moto, upanga unageuka rangi ya buluu, na wewe unaikandamiza kwa mikono yote ukidhani ni uvivu wake. Tulikandamiza asubuhi nzima. Ilipofika saa sita mashine ilitoa moshi ikanyamaza, na gogo lilikuwa na mkwaruzo tu. Ombasa hakuweza kufunua vidole vyake kwenye mpini. Nilivifunua mimi, kimoja kimoja, nikiwa nimewapa watu mgongo.

Meneja wa Kiwanda alishuka mwenyewe na buti zake za mvua. Alikuwa mtu wa mbali, si wa Gusii, mtulivu na asiyependa maneno mengi. "Leteni mashine kubwa," alisema. Kisha akaongeza, "Na ikija hiyo kubwa, itakuwa na mwendeshaji wake mmoja. Mambo ya kupokezana yaishe. Viwanda vingine vyote vinafanya hivyo." Alikwenda zake bila kuangalia nyuso zetu, na sidhani alijua amesema nini.

Mashine zililetwa na Mama Zuhura, aliyekuwa na duka la vifaa Kisii mjini, alilorithi kwa babake. Mama huyu alikuwa hauzi pawa kwa mtu kabla ya kuuona mti. Ukimfuata dukani ukasema unataka kubwa, alikuuliza, "Kubwa ya kukata nini, ya kukatia watu usingizi?" Alifika na ushungi wake na viatu vya mpira, akawazunguka Wazee wote, akawagonga kwa bisibisi, akatikisa kichwa. Kisha akashusha mashine mbili, moja ya kadiri na moja kubwa.

"Sikilizeni, kaka zangu," alisema. "Hii ya kadiri itawakata hawa, sikatai. Lakini mtalizunguka gogo mara nne, na mtakuwa mnaishika kutwa. Hii kubwa ni nzito, mgongo utalalamika. Ila ina pumzi. Unailaza tu, uzito wake wenyewe ndio unaokata, hukandamizi. Na angalieni hapa." Akaushika mpini akautingisha, na mpini ukacheza peke yake, mbali kidogo na injini. "Springi. Mtikisiko unabaki huku, haufiki mkononi sana. Hiyo ya kadiri haina, ni raba tu, tena nyembamba."

Nilimwelewa vizuri. Nataka nanyi mwelewe, kwa sababu vijana huchagua pawa kwa sauti na kwa rangi. Pima kwanza gogo lako nene kuliko yote, ndipo uchague upanga, halafu utafute injini yenye nguvu ya kuuvuta bila kuhema. Ukifanya kinyume umenunua moshi. Usiwaze uzito peke yake. Uliza mashine itakaa mkononi mwako muda gani kwa siku, na inatetemeka kiasi gani ukiwa umeishika. Mkono wako haununuliwi dukani.

Lakini asubuhi ile mimi sikuwa nawaza mikono. Niliwaza jozi. Mashine ya kadiri ingekuwa ya polepole, Meneja angeona kazi bado ni ya watu wawili, na Ombasa angebaki. Alikuwa bado ana watoto shuleni. Isitoshe, nani mwingine angeimba? Kabla Mama Zuhura hajamaliza kueleza nilikuwa nimeshaamua, na nilikuwa nimepanga hata maneno ya kumwambia Meneja.

Tulizijaribu zote mbili juu ya Mzee mmoja, mimi tangi moja, Ombasa tangi moja. Mama Zuhura alipompokea Ombasa mashine vidole vyao viligusana, akashtuka. "Baba, mbona mikono baridi hivi?" Ombasa akacheka, akairudisha kwenye glavu. Meneja alikuwa amesimama karibu. Akanigeukia. "Haya, Makori. Wewe ndiye msimamizi. Tuchukue gani?"

"Hii ya kadiri, Bwana Meneja," nilisema. "Kubwa ni nzito mno kwa mtu mmoja."

Hapo ndipo Ombasa alipoongea. Sisi wawili tangu ujana tulizungumza Ekegusii, hata kutukanana. Siku hiyo alinena Kiswahili, ili Meneja asikie kila neno.

"Bwana Meneja, Makori anadanganya. Hiyo kubwa ndio iko sawa. Hii ingine itamaliza yeye." Akavua glavu, akaviinua vidole vyake mbele ya watu wote, vyeupe hadi kwenye fundo. "Mimi vidole yangu ilienda kitambo. Sisikii kitu. Yake bado iko mzima. Nunua hiyo kubwa, na mwenye ataishika ni yeye."

Mama Zuhura aliinama akajifanya anafunga sanduku. Mimi nilimkasirikia Ombasa vibaya sana, nasema ukweli, nilimkasirikia kama mtu aliyenivua nguo. Nilimwambia kwa Ekegusii, "Umefanya nini?" Akanijibu kwa lugha hiyo hiyo, polepole, "Nimevuta. Sasa wewe legeza."

Kubwa ilinunuliwa. Wazee waliisha, boila likawaka, na akina mama wakalipwa majani yao. Ombasa aliandikiwa barua ya kupumzishwa kwa sababu za afya, akapewa mkono na Meneja na pakiti za chai, akarudi kwake karibu na Nyakoe kulima migomba. Sikumsindikiza hadi langoni. Nilijificha kwenye kibanda cha tupa nikalia, mtu mzima na watoto wake, kisha nikatoka nikanoa cheni ambayo haikuhitaji kunolewa.

Nilifanya kazi na mashine ile, na nyingine kubwa zilizoifuata, hadi nilipostaafu. Vijana wa kugeuza magogo walibadilika kila msimu. Walikuwa wazuri, wachapakazi, lakini tangi lilipoisha nililijaza mimi mwenyewe na kuendelea. Nilipostaafu walinifanyia sherehe, Meneja mpya akasoma hotuba, akasema nilikuwa mwendeshaji wa kwanza wa mashine kubwa. Niliposhika kikombe cha chai niliuhisi moto wake kwenye vidole vyote kumi, na sikuweza kuimaliza ile chai.

Leo nina shamba dogo, na pawa ndogo ya kukatia matawi. Vijana huja kuniuliza wanunue ipi. Nawapeleka kwenye gogo kwanza. Wengine huona nawapotezea muda, wakanunua ile inayonguruma zaidi. Nawasikia kutoka ng'ambo ya bonde jinsi wanavyoikandamiza, na huwa natamani kuvuka nikawavute masikio.

Jumamosi sina kanisa, lakini huamka mapema nikavaa vizuri nikaenda kwa Ombasa. Mkewe hutangulia kwa sababu ya kwaya. Namkuta ameketi kitandani, shati jeupe liko wazi kifuani, maana vifungo vyenyewe ni vidogo na vidole haviwezi. Haniombi, nami simuulizi. Napiga goti, naanzia cha chini nikipanda, halafu vya mikononi, huku ananisimulia habari za migomba na kunitania juu ya Papa. Kwa kuwa hahisi kitu, kila mara huuliza kama nimemaliza. Nami humjibu bado kidogo, nikaendelea kushika mkono wake, ingawa kifungo cha mwisho nimekifunga kitambo.